Louis Pasteur: Mtoto wa Sajini Aliyelihoji Pipa Lililogoma

Katika makambi yetu, na katika vijiji tulikozaliwa, hakuna asiyeijua huzuni ya mtungi uliogoma. Mama amekausha kimea, amekisaga, amekipika, amekipoza, amekifunika kwa majani ya mgomba. Siku ya pili imepita, ya tatu imefika, wala povu halijatokea. Hapo ndipo kila mwenye kinywa hugeuka mganga. Huyu husema mtungi umetupiwa jicho baya. Yule hudai moto uongezwe. Wa tatu hutaka sukari zaidi. Na wa nne, ambaye ni hatari kuliko wote, huja na dawa ya kuharakisha ambayo mwenyewe hajui asili yake. Ni wachache wanaouliza swali la kwanza la askari yeyote aliyefundishwa vema: ndani ya mtungi huo yumo nani, na hali yake ikoje?

Mtu aliyeufundisha ulimwengu kuuliza swali hilo alikuwa Mfaransa, jina lake Louis Pasteur, aliyefariki dunia tarehe 28 Septemba 1895. Wengi wetu tunamfahamu kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na kwa maziwa yanayopashwa moto ili yasiharibike. Ni wachache wanaojua kwamba mtaalamu huyo alikuwa mwana wa askari na baba wa askari, na kwamba moja ya kazi zake mashuhuri ilitokana na vita vilivyoshindwa, na ilihusu pombe.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki ya Ufaransa, karibu na milima ya Jura. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa amepigana katika jeshi la Napoleon huko Hispania, akapanda hadi cheo cha sajini meja na kuvikwa nishani ya Legion d'honneur. Utawala wa Napoleon ulipoanguka, mzee huyo alirudi katika kazi ya kutengeneza ngozi, na hatimaye akahamia na jamaa yake katika mji mdogo wa Arbois. Hakuwa na elimu kubwa, lakini aliiheshimu elimu kama alivyoiheshimu bendera. Kijana Louis alikua baina ya harufu ya ngozi mbichi na masimulizi ya vita.

Shuleni hakuonyesha maajabu. Alikuwa mwangalifu, mzito wa kusema jambo kabla hajalihakikisha, na hodari wa kuchora sura za watu. Mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 15, alipelekwa kusoma Paris; lakini huzuni ya kuwa mbali na nyumbani ilimlemea hata baba yake akalazimika kumfuata na kumrudisha. Msomaji anayekumbuka juma lake la kwanza katika kambi ya kuruta hatamcheka. Baadaye alijikaza, akarudi Paris, na mwaka 1843 akaingia katika chuo kikuu cha walimu kiitwacho École Normale Supérieure. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wa kuingia, lakini hakuridhika na nafasi aliyopata, akaamua kuufanya upya.

Mwaka 1848 alijipatia sifa kwa kuchunguza fuwele za chumvi ya asidi ipatikanayo katika mashapo ya mvinyo. Aligundua kwamba fuwele zilizodhaniwa kuwa za namna moja zilikuwa za namna mbili, zikitofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto, naye akazitenganisha moja moja kwa mkono. Mwaka uliofuata alimwoa Marie Laurent, mwanamke aliyekuwa mwenzi wake wa nyumbani na pia mwandishi wake, akinakili usiku maneno ambayo mumewe alimsomea.

Mwaka 1854 Pasteur aliteuliwa kuwa mkuu wa kitivo cha sayansi mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa, mahali palipokuwa na viwanda vingi vya kutengeneza kileo kutokana na viazisukari. Mwaka 1856 mwenye kiwanda mmoja, Bwana Bigo, ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wa Pasteur, alimjia na malalamiko. Mapipa yake yalikuwa yameanza kuharibika. Mengine yaliumuka vizuri na kutoa kileo. Mengine yalizorota, yakawa machungu, yakatoa harufu mbaya. Maji yalikuwa yale yale, viazi vile vile, wafanyakazi wale wale. Hasara ikawa kubwa.

Hapa yafaa tueleze hali ya elimu ya wakati ule. Mwaka 1837 wataalamu watatu, Cagniard-Latour wa Ufaransa na Schwann na Kützing wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wametangaza kwamba hamira ni kitu chenye uhai. Lakini wakuu wa elimu ya kemia, Berzelius wa Sweden na Liebig wa Ujerumani, hawakukubali. Liebig alifundisha kwamba hamira ni kitu kinachooza, na kwamba mtikisiko wa kuoza kwake ndio unaovunja sukari. Kwa fundisho hilo, mwenye pipa lililogoma hakuwa na la kufanya ila kukisia.

Pasteur hakukisia. Alikwenda kiwandani mara kwa mara, akachukua matone kutoka pipa zima na kutoka pipa gonjwa, akayaweka chini ya hadubini. Katika pipa zima aliona vijipira vya hamira, vinono, vya mviringo, vingine vikichipua vitoto ubavuni. Katika pipa gonjwa aliona viumbe wengine, wembamba kama vijiti, wadogo kuliko hamira. Hao ndio waliokuwa wakila sukari ya Bwana Bigo na kuigeuza asidi ile ile inayoyafanya maziwa yagande. Kwa lugha yetu ya kijeshi, ngome ilikuwa imeingiliwa. Mlinzi hakulala, alizidiwa na adui aliyepenya bila kuonekana.

Mwezi wa Agosti 1857 alisoma mjini Lille taarifa yake juu ya jambo hilo, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kuhamia Paris katika chuo chake cha zamani, ambako maabara yake ya kwanza ilikuwa chumba kidogo chini ya paa. Humo alifanya jaribio ambalo kila mpika pombe angefaa kulijua. Alichukua maji, akatia sukari safi, chumvi kidogo ya amonia, na majivu ya hamira iliyochomwa. Ndani ya maji hayo, ambamo hamkuwa na kitu chochote kinachooza, akadondosha hamira hai kidogo mno. Hamira ile ikazaliana na sukari ikageuka kileo. Alipoondoa kimojawapo cha vyakula hivyo, kazi ilikwama. Taarifa kamili ya uchunguzi wake juu ya kileo aliitoa mwaka 1860. Maana yake ilikuwa wazi: hamira ni jeshi lenye uhai, nalo halipigani kwa sukari peke yake. Lahitaji naitrojeni, lahitaji madini. Jeshi lililopewa risasi tele lakini likanyimwa posho halitasonga mbele.

Mwaka 1861 aliongeza jambo la pili. Aligundua kwamba hamira ipatayo hewa tele hunenepa na kuzaliana kwa wingi, lakini hutoa kileo kidogo kwa sukari inayoila; na hamira inayonyimwa hewa huzaliana kidogo, lakini huitumia sukari nyingi kutengeneza kileo. Kwa hiyo hewa ni rafiki mwanzoni, wakati wa kuandikisha askari wapya, na si rafiki tena kazi inapokwisha kupamba moto. Katika miaka hiyo hiyo, alipochunguza siki, alionyesha kwamba viumbe wanaokigeuza kileo kuwa siki huhitaji hewa. Anayefunua mtungi kila saa ili aone kama umeanza, huyo anamfungulia adui lango.

Juu ya sifa hizo ilikuwamo misiba. Pasteur alizaa watoto watano, akawazika mabinti watatu: Jeanne mwaka 1859, Camille mwaka 1865, na Cécile mwaka 1866. Jeanne na Cécile waliuawa na homa ya matumbo. Tarehe 19 Oktoba 1868, akiwa na umri wa miaka 45, yeye mwenyewe alipigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalemaa, na havikupona kabisa hata siku ya kufa kwake. Tangu hapo aliwategemea wasaidizi wake kwa kazi nyingi za mikono; macho na fikira zilibaki zake.

Kisha vikaja vita. Mwezi wa Julai 1870 Ufaransa ilianza kupigana na Prusia, na katika muda wa miezi michache majeshi ya Ufaransa yalivunjwa. Mwana wa pekee wa Pasteur, Jean-Baptiste, aliyekuwa na umri wa miaka 18 vita vilipoanza, alikuwa jeshini. Pasteur, kiwete, hakuweza kubeba silaha. Mwezi wa Januari 1871, kwa hasira ya kuona Paris ikipigwa mizinga, alikirudishia Chuo Kikuu cha Bonn shahada ya heshima ya udaktari ambayo Wajerumani walikuwa wamemtunukia.

Mwezi huo huo zilifika habari kwamba jeshi la mashariki la Jenerali Bourbaki, ambamo Jean-Baptiste alitumikia, lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mpaka wa Uswisi katika theluji. Barua hazikuja. Pasteur akakodi gari bovu la farasi, akaondoka Arbois pamoja na mkewe na binti yake, wakapita katika barabara za milimani zilizojaa theluji hadi mji wa Pontarlier. Huko waliona jambo ambalo askari hapendi kuliona: jeshi lililokosa umbo. Watu walikuwa wamevaa matambara, wengine wamefunga miguu kwa vitambaa, wakiomba mkate na nyasi za kulalia. Kila waliyemwuliza hakujua. Hatimaye mmoja akawaambia kwamba kijana Pasteur yu hai, ila ni mgonjwa, naye yuko kijiji cha karibu. Walipokuwa wakitoka mjini kumtafuta, walipishana na mkokoteni, na askari aliyejifunika koti ndani yake akainua kichwa. Alikuwa ni yeye. Inasimuliwa kwamba walikumbatiana bila kuweza kusema neno. Siku chache baadaye, tarehe 1 Februari, mabaki ya jeshi hilo, watu wapatao 87,000, yakaanza kuvuka mpaka na kuweka silaha chini mbele ya Waswisi.

Mtu aliyerudi kutoka barabara ile angeweza kulia tu. Pasteur alitafuta silaha ambayo kiwete angeweza kuishika, akaiona katika pipa la bia. Ujerumani ilikuwa imeitwaa Alsace na sehemu ya Lorraine, nchi zenye mashamba ya hopu na viwanda vya bia; tena bia ya Kijerumani ilisifiwa kuliko ya Kifaransa. Pasteur akaazimia kwamba Ufaransa ishinde japo katika jambo hilo moja, akataka bia itakayotengenezwa kwa njia yake iitwe bia ya kisasi cha taifa. Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa mpenzi wa bia, na rafiki yake Bertin alikuwa akimtania kwamba ampe kwanza bia nzuri ndipo amsomeshe elimu yake.

Alianza kazi mwaka huo huo wa 1871 katika kiwanda kidogo cha Chamalières, karibu na Clermont-Ferrand, nyumbani kwa mwanafunzi wake Duclaux. Kisha, mwezi wa Septemba, alisafiri hadi London, akaomba kuingia katika kiwanda kikubwa cha Whitbread. Alipewa hamira ya bia nyeusi, akaitazama kwa hadubini aliyokuja nayo, akawaambia wenye kiwanda kwamba hamira yao imeingiliwa na viumbe wageni na kwamba bila shaka bia yao inawaletea hasara. Waingereza hawakukasirika. Walikiri kwamba yapo mapipa yaliyokwisha kuharibika, na aliporudi baada ya siku chache alikuta wamekwisha kununua hadubini yao wenyewe. Huo ni mfano mwema kwa kila kamanda: anayeonyeshwa kosa na mgeni asitafute heshima yake iliyoguswa, bali atafute chombo cha kulionea kosa hilo.

Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876. Ndani yake alionyesha kwamba magonjwa ya bia huletwa na viumbe wadogo kutoka nje. Kwamba maji ya kimea yaliyochemshwa yapozwe bila kuachiwa vumbi. Na kwamba hamira iwe safi. Alieleza pia kwamba si kila pipa la polepole ni gonjwa. Zipo hamira zinazofanya kazi juu ya pipa, katika joto la kadiri, kwa siku chache. Na zipo zinazofanya kazi chini ya pipa, katika baridi, kwa muda mrefu zaidi. Mwendo wa hizi za pili si uvivu, ndiyo desturi yao. Anayezilazimisha mbio huharibu kile alichokitaka.

Ushindi wenyewe, lakini, ulikwenda kwa wengine. Huko Copenhagen, J. C. Jacobsen, mwenye kiwanda cha Carlsberg, aliyemheshimu sana Pasteur, alikuwa amejenga maabara. Humo, mwaka 1883, Emil Christian Hansen aligundua kwamba pipa laweza kuharibiwa pia na hamira za mwituni zinazofanana na hamira njema, jambo ambalo njia ya Pasteur haikuweza kulizuia. Hansen akatenga chembe moja tu, akaizalisha mpaka ikawa hamira ya kutosha kiwanda kizima. Na Carlsberg wakawagawia wengine hamira hiyo bure. Pasteur alianza kazi kwa kisasi, lakini elimu yake haikukubali kufungiwa ndani ya mpaka. Wajerumani nao waliifaidi.

Sasa turudi kwenye mtungi wetu uliogoma, tuukague kwa utaratibu wa Pasteur na kwa ujuzi ulioongezeka baada yake.

Kwanza, subira. Hamira yaweza kukaa nusu siku hata siku mbili ikizaliana kimya kabla povu halijaonekana. Pili, joto. Hamira nyingi za nyumbani hufurahia nyuzi 20 za Selisiasi au zaidi kidogo. Katika baridi ya nyanda za juu hulala, nazo huamka mtungi ukisogezwa mahali pa vuguvugu. Lakini ikitiwa katika uji ambao haujapoa, hufa, na maiti haiamshwi kwa moto. Tatu, idadi na afya: hamira ya zamani au chache mno ni kikosi kilichopungukiwa. Dawa yake ni kuamsha hamira mpya katika kikombe cha maji vuguvugu yenye sukari kidogo, na kuiongeza baada ya kuona inatoa povu. Nne, posho: sukari ikizidi mno huilemea hamira, na sukari tupu haiilishi. Wazee wetu wanaotia unga wa mtama katika maji ya ndizi hawakumsoma Pasteur, lakini walifika mlimani kwa njia yao, kwa maana nafaka huleta hamira na chakula chake pamoja. Tano, hewa: koroga vizuri kabla ya kuanza, kisha funika na uache. Wala mtungi usizibwe kabisa, kwa kuwa gesi inayotoka ina nguvu ya kupasua chombo. Sita, usafi: chombo kilichooshwa kwa maji yaliyochemka ni nusu ya ushindi. Na ikiwa harufu imekuwa ya kuoza, au ukungu umetanda juu, mtungi umwagwe. Asiwepo mtu wa kuuficha kwa viungo na kuwanywesha wenzake.

Ama yule mwenye dawa ya kuharakisha, na afukuzwe. Tumekwisha kuzika watu waliokunywa vileo vilivyotiwa spiriti ya viwandani, na wengine walionusurika wamepofuka macho. Haraka ya siku mbili haifai macho ya mtu.

Baada ya bia, Pasteur aliigeukia miili ya watu na wanyama. Ikiwa pipa huugua kwa kuingiliwa, kwa nini si mwili? Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha tarehe 6 Julai 1885, alipoanza kumtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo alitoka Alsace, nchi ile ile iliyopotea vitani. Alipona. Mwaka 1888 Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa mjini Paris, na humo ndimo alimozikwa.

Haki yataka tuseme na upungufu wake. Alikuwa mkali katika mabishano, na si mwepesi wa kuwapa wapinzani sifa zao. Mwaka 1897, miaka miwili baada ya kifo chake, Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akaikamua, na kuonyesha kwamba majimaji yake, yasiyo na chembe hai, huigeuza sukari kuwa kileo. Vitendavyo kazi hiyo ni vimeng'enya vinavyotengenezwa na hamira. Kwa hiyo Liebig naye hakuwa amekosa yote: uhai hutengeneza silaha, na silaha ndiyo inayofanya kazi. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Na mwezi wa Agosti 1917, akiwa meja katika jeshi la Ujerumani, alikufa kwa majeraha ya vita huko Focșani, Romania. Mwana wa Pasteur alirudi kutoka theluji, Buchner hakurudi. Elimu ya hamira imelipiwa na mataifa yote mawili.

Ndugu askari, si lazima uwe mpika pombe, na zamuni haifai hata kuionja. Lakini kila mmoja wetu ana pipa lake lililogoma: kikosi kisichosonga, upelelezi usiofika mwisho, kuruta asiyeelewa. Kabla ya kuongeza moto, kabla ya kulaumu jicho baya, chukua tone moja ulitazame. Mtoto wa sajini meja alifanya hivyo kwa miaka 40, nusu ya mwili wake ikiwa imekufa katika sehemu kubwa ya miaka hiyo, na ulimwengu bado unakula matunda yake.